Mashine ya Maji Moto: Kwa Nini Hufa Mapema na Jinsi ya Kuitunza

Machinjio, vituo vya kukusanya maziwa ya ngamia na viwanja vya kuoshea malori ya mifugo vina adui mmoja, nao ni mafuta. Mafuta ya ng'ombe, ya mbuzi na ya nundu ya ngamia huganda kwenye saruji, huziba mitaro na kuvipa viini mahali pa kujificha. Maji baridi, hata yakitolewa kwa presha kubwa namna gani, huyasukuma tu kutoka pembe moja hadi nyingine. Mafuta ya mnyama huyeyuka kwenye joto la takriban nyuzi 40 hadi 50, na ndiyo sababu kazi hii huhitaji mashine ya kuosha kwa presha inayotoa maji moto.

Mashine hizo si za bei ya chini. Nyingi hufa kabla ya wakati wake, na mara chache sana huuawa na kazi. Huuawa na chumvi iliyomo kwenye maji, vumbi, dizeli chafu na mazoea mabaya ya kuzima. Inaponunuliwa kwa pesa za umma au za ushirika, hasara hiyo huwa ya watu wengi, na siku inapoharibika walaji wa nyama ndio huwa wa kwanza kuathirika bila wao kujua.

Ili kuelewa matunzo yake, ni vyema kwanza kufahamu inavyofanya kazi. Maji baridi huingia kwenye pampu yenye pistoni, kwa kawaida tatu, zinazoyasukuma kwa nguvu. Baada ya pampu, maji hupita ndani ya koili, yaani bomba refu la chuma lililozungushwa kama chemchemi ya kitanda. Chini au juu ya koili hiyo kuna kichomeo kinachonyunyiza dizeli au mafuta taa na kuyawasha kwa cheche ya umeme. Maji huingia kwenye koili yakiwa baridi na kutoka yakiwa na nyuzi 80 au zaidi, kisha hupitia mpira mgumu hadi kwenye bunduki ya maji na nozeli. Kwa hivyo pampu na kichomeo ni mashine mbili ndani ya boksi moja, na kila moja ina magonjwa yake.

Presha yenyewe si ya mchezo. Tairi la gari dogo hujazwa upepo hadi takriban PSI 30. Mashine ya kazi ya machinjioni hutoa maji kwa PSI 2,000 hadi 3,000.

Chumvi ya maji

Mama yeyote wa Isiolo anayechemsha maji ya kisima anaijua alama hii: tabaka jeupe, gumu, linaloshika ndani ya birika na halitoki kwa kusugua. Hiyo ni chokaa. Maji yaliyopita kwenye miamba hubeba madini ya kalisi na magnesi, na yakipashwa joto madini hayo hujitenga na kung'ang'ania chuma. Birika huchemshwa mara chache kwa siku. Koili ya mashine hupitisha mamia ya lita kila saa, na zote zinapashwa joto humo ndani.

Chokaa ikishika ndani ya koili, mambo mawili hutokea kwa pamoja. Kwanza, njia ya maji huwa nyembamba, na pampu hulazimika kusukuma kwa nguvu zaidi ili kupata kiasi kile kile. Pili, chokaa huzuia joto. Chuma hupitisha joto mara 20 na zaidi kuliko chokaa, kwa hivyo moto wa kichomeo haufiki kwenye maji jinsi unavyopaswa. Hubaki kwenye ukuta wa koili, na moshi hutoka nje ukiwa na joto ambalo mtu ameshalilipia. Mhudumu akiona maji hayana moto huongeza kipimo cha joto. Koili huzidi kuungua, na mwishowe hupasuka. Koili mpya ni miongoni mwa spea za bei ghali kabisa katika mashine nzima.

Dalili zake zinasomeka mapema. Maji yanachukua muda mrefu zaidi kupata moto kuliko zamani. Saa ya presha kwenye pampu inaonyesha juu, ilhali maji yanayotoka kwenye nozeli ni dhaifu. Mashine inatikisika. Dizeli inaisha upesi. Hapo ni muhimu kukumbuka hesabu ya kawaida: kupasha lita 700 za maji kwa saa kutoka nyuzi 25 hadi 85 huhitaji takriban lita 5 za dizeli ikiwa mashine ni nzima. Kituo kinachoona matumizi yakipanda juu sana ya hapo kwa kazi ile ile hakina haja ya kumshuku mlinzi wa dizeli kabla ya kuikagua koili.

Kuiondoa chokaa ni kazi ya saa moja au mbili, na haihitaji fundi kutoka Nairobi. Hutumika asidi hafifu: asidi ya limau inayouzwa kama unga, siki, au dawa maalumu inayopendekezwa na mtengenezaji wa mashine. Kichomeo huzimwa kabisa. Fimbo ya nozeli hutolewa, mpira wa kuingiza maji hutiwa ndani ya ndoo yenye dawa iliyochanganywa na maji, na mpira wa kutoa maji hurudishwa ndani ya ndoo hiyo hiyo. Mashine huwashwa kwa muda mfupi ili dawa ijae kwenye koili, kisha huzimwa na kuachwa itulie kwa muda ulioandikwa kwenye kibandiko cha dawa, halafu huzungushwa tena. Povu huonyesha kwamba asidi inakula chokaa. Povu likikoma ilhali dawa bado ni kali, chokaa imekwisha. Hapo mashine husafishwa kwa maji mengi safi mpaka yatoke hayana ladha ya asidi wala harufu, ingawa kuyaonja si jambo la kupendekezwa.

Tahadhari ni tatu. Asidi ndiyo humwagwa kwenye maji. Maji hayamwagwi kwenye asidi. Miwani na glavu huvaliwa kuanzia mwanzo hadi mwisho. Na asidi yoyote ile isikutane kamwe na dawa ya klorini kama Jik, kwa kuwa mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini inayounguza mapafu, na chumba cha kuhifadhia vifaa vya usafi ndipo mahali ambapo chupa hizo mbili hukaa bega kwa bega. Maji yaliyobaki yasimwagwe kwenye mtaro unaoelekea Mto Isiolo. Yanaweza kupozwa ukali kwa kutiwa magadi kidogo kidogo mpaka yaache kutoa povu.

Mara ngapi? Hakuna jibu moja kwa kaunti nzima. Maji ya Isiolo mjini hayafanani na ya kisima cha Merti au cha Garbatulla. Njia nyepesi ni kuitazama birika ya chai ya kituo: ikijenga tabaka jeupe ndani ya wiki chache, basi koili ioshwe kila baada ya miezi mitatu mpaka uzoefu uonyeshe vinginevyo. Sabuni isiyotoa povu ni dalili nyingine ya maji magumu. Maji ya mvua, kwa upande mwingine, karibu hayana chokaa kabisa. Kituo chenye paa kubwa la mabati na tangi, kikivuna mvua za Machi hadi Mei na zile za Oktoba hadi Desemba, kinaweza kuipumzisha koili yake kwa majuma kadhaa bila gharama.

Pampu haipendi kiu

Mashine ya kwanza ya maji moto barani Ulaya ilitengenezwa na Alfred Kärcher wa Ujerumani mwaka 1950, na mpaka leo vitabu vingi vya mashine hizi huandikwa kwa ajili ya watu wa nchi za baridi. Hutumia kurasa nzima kueleza jinsi ya kuzuia maji yasigande na kupasua pampu wakati wa theluji. Mhudumu wa Isiolo anaweza kuziruka kurasa hizo. Cha kumsumbua ni maji yanayokatika katikati ya kazi.

Pampu ikizunguka bila maji, sili zake huungua kwa dakika chache tu. Sili ndizo mipira midogo inayozuia maji yasipenye kwenye pistoni. Kwa hiyo mashine isiunganishwe moja kwa moja na mfereji ambao presha yake haiaminiki. Tangi liwekwe juu kidogo ya mashine, mpira wa kuingiza maji uwe mpana na usiokunjika, na chujio la mlangoni lisafishwe kila asubuhi. Mchanga ulio chini ya tangi ukiingia hukwaruza pistoni, na pistoni iliyokwaruzwa hula sili mpya kila inapowekewa. Jambo jingine linalosahaulika ni kwamba maji ya tangi jeusi lililoshinda juani yanaweza kuwa moto kupita kiasi kinachokubaliwa na pampu. Kiasi hicho kimeandikwa kwenye kibandiko cha mashine. Tangi likiwa kivulini tatizo halipo.

Oili ya pampu husomwa kupitia kioo kidogo kilicho ubavuni. Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameshapenya kwenye sili na kazi isimame hapo hapo. Watengenezaji wengi hutaka oili ibadilishwe baada ya saa 50 za kwanza, kisha kila saa 500 au mara moja kwa mwaka, lolote litakalotangulia. Mashine inayofanya kazi saa mbili kila siku hufikisha saa 50 katika siku 25, yaani kabla hata ya mwezi wa kwanza kuisha. Mabadiliko haya ya kwanza ndiyo hurukwa zaidi, na ndiyo muhimu kuliko yote, kwa sababu ndiyo huondoa vumbi la chuma linalotoka kwenye vipuri vipya vikizoeana.

Nozeli nayo huliwa na maji. Tundu lake likipanuka kipenyo kwa asilimia 10 tu, kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona, presha hushuka kwa karibu theluthi moja. Wengi wakiona hivyo hukimbilia kuikaza valvu ya presha, au kuilaumu pampu na kuifungua. Nozeli ni kipuri cha bei ndogo. Ibadilishwe kwanza, halafu mengine ndiyo yachunguzwe.

Kichomeo na rangi ya moshi

Kichomeo huongea kwa moshi wake. Moshi mweusi maana yake ni kwamba hewa haitoshi: feni imeziba vumbi, au masizi yamejaa kwenye koili na bomba la moshi. Moshi mweupe wenye harufu kali ya dizeli maana yake ni kwamba mafuta yananyunyizwa lakini hayaungui vizuri, mara nyingi kwa sababu elektrodi za cheche ni chafu au zimekaa vibaya. Kichomeo kikiwashwa mara mbili bila kushika, kisiwashwe mara ya tatu. Dizeli iliyokusanyika chini ya koili inaweza kulipuka kwa pamoja.

Vumbi la Isiolo hufanya kazi hii iwe ya mara kwa mara kuliko ilivyoandikwa vitabuni. Feni, elektrodi na nozeli ya dizeli vikaguliwe kila mwezi, na masizi yapigwe brashi angalau mara moja kwa mwaka. Dizeli ikinunuliwa kwa jerikeni, iachwe itulie na ile ya chini kabisa isimiminwe, kwa maana maji na uchafu hukaa huko. Filta ya dizeli ibadilishwe kabla haijaziba. Petroli haitiwi kamwe kwenye tangi la kichomeo. Oili iliyotoka kwenye injini pia haifai, hata kama jirani anadai aliitumia na ikawaka.

Kwa sababu ni moto wa mafuta unaowaka, mashine hutoa gesi ya kaboni monoksidi isiyo na rangi wala harufu. Iwekwe nje, na mpira ndio uingie ndani. Kuna vituo ambavyo huificha mashine ndani ya stoo kwa kuogopa wezi na kuiwashia humo humo. Mlango ulio wazi hautoshi kumlinda mtu anayeinama karibu na bomba la moshi kwa saa nzima.

Jinsi ya kuzima

Hapa ndipo mashine nyingi hupoteza uhai wake, na hapagharimu chochote. Kazi ikiisha, kichomeo huzimwa kwanza, na maji baridi huachwa yapite kwa dakika tatu hivi mpaka yanayotoka yawe baridi. Ndipo pampu huzimwa, mfereji hufungwa, na bunduki hubonyezwa ili presha iliyobaki itoke. Mhudumu anayezima kila kitu kwa pamoja huacha maji yakichemka ndani ya koili, na chokaa ya siku hiyo yote hushika hapo hapo. Mashine ikizimwa hivyo kila siku, kuiosha kwa asidi kila baada ya miezi mitatu hakutasaidia sana.

Tabia inayofanana na hiyo ni kuachilia bunduki na kwenda kupiga soga huku mashine inanguruma. Katika mashine nyingi, bunduki ikifungwa maji huzunguka ndani ya pampu yakizidi kupata joto. Dakika mbili tatu si neno. Zikizidi hapo, mashine izimwe.

Usalama wa mwoshaji

Maji ya presha hii hupenya ngozi. Jeraha lake humdanganya mtu: ni tundu dogo kama la sindano, damu kidogo, maumivu yanayovumilika. Ndani, maji machafu, sabuni na viini vimesukumwa kwenye misuli na kando ya mishipa, na saa chache baadaye mkono huvimba. Wako waliopoteza vidole kwa kusubiri. Mtu aliyepigwa na maji ya presha apelekwe hospitali ya rufaa ya kaunti mara moja, na amweleze daktari wazi kwamba ni jeraha la presha kubwa, vinginevyo linaweza kufungwa plasta na yeye kurudishwa nyumbani. Mpira unaoshukiwa kuvuja usipapaswe kwa mkono. Kipande cha boksi kikipitishwa juu yake huonyesha mahali. Na mpira uliopasuka haufungwi kwa raba ya tairi. Hubadilishwa.

Maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi kwa sekunde chache, na haya yana nyuzi 80. Gambuti, aproni ya plastiki, glavu na miwani ni vya lazima. Barakoa pia, kwa sababu ambayo wafugaji wa kaskazini wanaifahamu. Maji ya presha yakipiga damu na mabaki ya mimba iliyoharibika hugeuka ukungu unaovutwa puani. Bruselosi huambukizwa kwa njia hiyo, na homa ya Bonde la Ufa vilevile. Mlipuko wa homa hiyo wa mwaka 2006 na 2007, ulioanzia Garissa, uliwakumba zaidi watu waliogusa wanyama na nyama yao. Panapokuwa na tangazo la ugonjwa wa mifugo, damu ioshwe kwanza kwa mpira wa kawaida wenye maji ya taratibu, na presha isubiri.

Hata siku za kawaida, mpangilio huo ndio sahihi. Damu na maziwa huanza na maji baridi au vuguvugu, kwa kuwa protini yake huganda ikipigwa na maji ya nyuzi 60 kwenda juu, kama ute wa yai kwenye kikaango, na kushika kwenye ukuta zaidi ya mwanzo. Baada ya hapo ndipo maji moto na sabuni huondoa mafuta. Dawa ya kuua viini hufuata mwishoni, maana dawa hiyo hupoteza nguvu ikikuta kinyesi au damu. Maji moto ya mashine hayachukui nafasi yake. Kiwango kinachotumika machinjioni kwa visu ni maji ya nyuzi 82, lakini hayo ni maji ambayo kisu hutumbukizwa ndani. Maji yanayoruka kutoka kwenye nozeli hupoa hewani kabla ya kufika ukutani.

Kwa akina mama wa maziwa ya ngamia, kama wale wa ushirika wa Anolei ambao maziwa yao husafiri kwa basi kutoka Isiolo hadi Eastleigh, Nairobi, mashine hii inafaa kwa sakafu na madebe ya chuma. Jerikeni za plastiki hukwaruzwa na presha kubwa, na mikwaruzo ndiyo hulea viini vinavyochachusha maziwa njiani.

Daftari lenye safu tatu, yaani tarehe, saa za kazi na kilichofanywa, litundikwe kando ya mashine na lijazwe na mhudumu mwenyewe, si na ofisi. Stoo iwe na seti moja ya sili, nozeli mbili, filta ya dizeli na lita moja ya oili ya pampu. Duka la spea lililo Nairobi liko takriban kilomita 280 kutoka Isiolo, na machinjio hayawezi kukaa siku mbili bila kuoshwa yakisubiri sili iletwe na basi.